Seva mpya, mafaili yanajikokota: kutibu hapo hapo, kusogeza kazi au kusogeza mafaili?

Jumatatu saa tatu kasoro, ofisi moja ya uhasibu hapa Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Wikendi nzima mafundi walikuwa wakihamisha mafaili kutoka Windows Server 2012 R2 kwenda mashine mpya yenye Windows Server 2022, diski za SSD na RAM ya kumwaga. Mhasibu mkuu akabofya faili la Excel. Akasubiri. Akainuka kuchemsha maji ya chai, akarudi, faili bado linazunguka. "Kaka," akaniambia, "ile ya zamani tuliyoisema vibaya miaka yote, mbona ilikuwa inafungua?"

Hadi saa nne walikuwa wameshapata washauri watatu. Wa kwanza alitaka seva ya zamani irudishwe. Wa pili alikuwa kwenye simu na kampuni ya intaneti akiulizia kifurushi kikubwa zaidi. Wa tatu alisema mambo ya seva yamepitwa na wakati, kila kitu kipelekwe klaudi. Ushauri wa namna hii nimeusikia ofisi nyingi, na kila mmoja huwa sahihi kwa ofisi fulani. Shida ni kwamba hutolewa kabla mtu hajapima chochote.

La kurudisha seva ya zamani nalimaliza haraka. Msaada wa Windows Server 2012 R2 ulikoma tarehe 10 Oktoba 2023, na asiyelipia mpango wa nyongeza hapati tena sasisho za usalama. Halafu kuna hili: ukirudi nyuma Jumatatu mchana, kazi iliyofanywa Jumatatu asubuhi iko kwenye mashine ipi? Mnaishia na nakala mbili za kitabu kimoja, kila moja ina ukweli nusu. Ninakubali kurudi nyuma pale tu ambapo watu hawawezi kufanya kazi kabisa, ndani ya saa moja au mbili za mwanzo, kabla hawajahifadhi kitu.

Kwanza, ni polepole ipi?

Mtu akisema "mtandao uko slow" amekupa malalamiko tu. Ugonjwa bado haujajulikana. Kuna polepole za aina tatu, na kila moja ina dawa yake, na dawa ya moja haigusi nyingine.

Chukua faili moja kubwa, la gigabaiti moja hivi, ulinakili kutoka seva kuja kwenye kompyuta iliyounganishwa kwa kebo. Usitumie Wi-Fi kwa kipimo hiki, utapima ukuta wa jirani. Kwenye mtandao wa gigabiti moja, ukiwa mzima, utaona takriban megabaiti 110 kwa sekunde, na kazi inaisha kwa sekunde kumi hivi. Ukiona namba imeganda kwenye 11, usiguse seva. Hiyo 11 ni sura ya mtandao wa megabiti 100, na mara nyingi chanzo ni kebo. Gigabiti inahitaji waya zote nane ndani ya kebo, wakati megabiti 100 inatosheka na nne: ya 1, 2, 3 na 6. Kwa hiyo kichwa cha kebo kilichobanwa vibaya, au kebo iliyokanyagwa na mguu wa meza, kinaweza kuacha mtandao ukifanya kazi vizuri kabisa kwa macho huku kadi imeshuka yenyewe hadi moja ya kumi ya kasi. Andika `Get-NetAdapter` kwenye PowerShell, soma safu ya LinkSpeed. Ni dakika moja. Seva ikihamishwa chumba huwa inapewa kebo iliyopatikana karibu, na hapo ndipo yanapoanzia.

Kipimo cha pili ni folda yenye mafaili madogo mengi, elfu moja au mbili. Hapa hata mtandao mzima utaonekana mzito kuliko kwenye faili kubwa, usishtuke. Kila faili dogo lina adabu zake: lifunguliwe, liulizwe sifa zake, lisomwe, lifungwe, na kila ombi ni safari ya kwenda na kurudi. Unachotafuta ni tofauti. Nakili folda hiyo hiyo kwa kuburuta kawaida, kisha kwa `robocopy` yenye `/MT:16`, inayotuma kazi nyingi kwa pamoja. Robocopy ikiiacha mbali ile ya kuburuta, njia yako ni pana vya kutosha, ila kila safari inachukua muda. Kununua kifurushi kikubwa zaidi kwa tatizo hilo ni kutupa hela.

Cha tatu ndicho kinachosahaulika. Fungua folda kwa jina la seva, halafu ifungue kwa namba yake ya IP. Kwa jina inakwama, kwa namba inafunguka papo hapo? Basi diski, kebo na swichi hazina kosa. Kompyuta inamtafuta mtu ambaye hayupo.

Ukiwa na muda, weka iperf3 pande zote mbili. Hii inapima mtandao peke yake bila kuihusisha diski. Ikisoma takriban megabiti 940 kwa sekunde na bado kunakili kunajikokota, mtandao umeachiwa huru. Hamia kwenye diski na mipangilio.

Kutibu seva hapo hapo ilipo

Ofisi ambayo watu wote na seva wako jengo moja ianzie hapa, na mara nyingi itaishia hapa. Ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote. Inadai uvumilivu tu, na mtu anayekubali kubadilisha kitu kimoja kwa wakati. Wale wanaobadilisha vitano kwa mpigo hupata nafuu bila kujua kilichowaponya, na wiki ijayo wanakiharibu tena.

Pale kwa mhasibu nilikaa kwenye kiti chake, nikabofya faili lile lile, na wakati linasubiri nikaandika `netstat -n` kwenye dirisha la pembeni. Katikati ya mistari mingi ukatokea mmoja: namba ya kompyuta yake upande wa kushoto, upande wa kulia namba ya seva ya zamani ikifuatiwa na :445 (mlango wa kugawana mafaili), na mwishoni SYN_SENT. Maana yake kompyuta imebisha hodi, haijajibiwa, na bado imesimama mlangoni. Seva ya zamani ilikuwa imezimwa, lakini jina lake halikufutwa kwenye DNS (daftari linalogeuza majina ya mashine kuwa namba za IP), na faili la Excel lilikuwa na fomula zinazovuta namba kutoka mafaili mengine matatu kwa anwani ya zamani. Hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Excel hailalamiki, inasubiri tu kama mgeni mwenye adabu.

Majina ya zamani hujificha kwenye drivu zilizopachikwa, njia za mkato, viungo ndani ya Excel, skripti za kuingilia asubuhi, na ile orodha ya folda zilizobanwa pembeni ya File Explorer. Una namna tatu za kuyashughulikia. Ya kwanza ni kupita kompyuta moja moja ukirekebisha. Kwa ofisi ya watu sita ni sawa, kwa watu sitini utaota majina ya folda usiku. Ya pili ni kuipa seva mpya jina la zamani liwe jina la pili. Hii ninaipenda kwa ofisi ndogo, ila ifanywe kwa `netdom computername` yenye `/add` baada ya kuondoa akaunti ya mashine ya zamani kwenye domeni, yaani orodha ya pamoja ya watumiaji na kompyuta za ofisi. Wengi huweka kiungo cha CNAME tu kwenye DNS, yaani jina linaloelekeza kwenye jina jingine, wakaondoka. Bila usajili wa SPN (jina ambalo domeni hulitambulia huduma), utambulisho wa Kerberos unashindwa, kompyuta inarudi kwenye NTLM, njia ya zamani na dhaifu zaidi ya kujitambulisha, na mara nyingine mtu anaombwa nenosiri ambalo hajawahi kuwa nalo. Ya tatu ni DFS Namespaces, ambapo watu wanaona jina la domeni badala ya jina la mashine, na siku ya kuhama tena unabadilisha mshale mmoja. Ndiyo bora kwa ofisi kubwa, kwa sharti kwamba mshale wa zamani unafutwa. DFS yenye mshale unaoelekea kwa marehemu inazaa ugonjwa ule ule.

Kutumia IP kila mahali kama dawa ya kudumu, hapana. Kwa kawaida IP inapita kwenye NTLM badala ya Kerberos, na siku namba ikibadilika unaanza upya.

Baada ya majina, kufungua kukawa kwepesi. Kuhifadhi kukabaki kuzito. Hapo ndipo lilipotoka la pili. Ofisi ilikuwa na mashine mbili chakavu, moja ya domeni na moja ya mafaili, na katika kuhama zikaunganishwa kuwa moja: seva mpya ikawa domeni kontrola (mashine inayothibitisha nani ni nani) na pia ghala la mafaili, vyote kwenye diski moja. Kwa macho ni ubanaji mzuri wa matumizi. Lakini Active Directory, yaani mfumo unaotunza domeni, ili kulinda kanzidata yake umeme ukikatika, huzima kashe ya kuandikia (kumbukumbu ya muda) ya diski inayoikaa. Kila andiko linalazimika kufika chini kabisa kabla ya kuambiwa "tayari". Na Excel ni mwandishi msumbufu. Haiandiki juu ya faili lako moja kwa moja. Huandika faili la muda lenye jina la ajabu ajabu, kisha hubadilishana majina na la zamani, kisha hufuta. Kwa mtumiaji ni kuhifadhi mara moja, kwa seva ni msururu wa kazi.

Domeni kontrola pia hulazimisha saini ya SMB, lugha ambayo Windows hugawana mafaili kwayo, kwa sera yake ya asili, yaani kila pakiti inagongwa muhuri. Hapa ushauri wa mitandaoni hunikera: "zima saini, itapaa". Ni kweli kwenye mashine za zamani saini ilikuwa na uzito. Lakini Windows Server 2022 na Windows 11 zinatumia njia ya saini ya AES-GMAC iliyo nyepesi zaidi, na Windows 11 24H2 pamoja na Windows Server 2025 zinadai saini bila kuulizwa. Ukiizima leo unajipa kasi kidogo na mlango wazi, na kesho kompyuta mpya zitaidai tena hata hivyo. Mimi naiacha.

Tiba iliyofaa ilikuwa kutenganisha. Leseni ya Windows Server Standard inaruhusu mashine pepe mbili juu ya mashine moja, ikiwa ile ya chini inafanya kazi ya Hyper-V (programu ya kuendesha mashine pepe) peke yake. Domeni ikakaa pepe ya kwanza, mafaili pepe ya pili. Hakuna hela iliyoongezeka, ila Jumamosi nyingine ikapotea.

Ukienda njia hiyo, angalia jambo moja la kale linalojulikana sana: kadi za gigabiti moja za Broadcom chini ya Hyper-V zikiwa na VMQ (foleni za kadi kwa ajili ya mashine pepe) imewashwa. Microsoft wenyewe waliliandika. Mashine pepe zinakuwa nzito kama zimefungwa mawe wakati ile ya chini inakimbia. `Get-NetAdapterVmq` itakuonyesha. Kwenye kadi ya gigabiti moja, VMQ haikusaidii kitu, izime.

Mengine nayapita kwa haraka. Antivairasi inayokagua faili lile lile kwenye seva na kwenye kompyuta ya mtumiaji. RAID 5 (diski kadhaa zilizounganishwa kuwa moja) isiyo na kashe yenye betri, ambako andiko moja dogo huwa kazi nne za diski: kusoma data, kusoma pariti (taarifa ya kurejesha data diski ikifa), kuandika data, kuandika pariti. Na kumbuka kuwa siku za mwanzo seva mpya ina shughuli zake: antivairasi inapitia diski nzima kwa mara ya kwanza, bekapu ya kwanza inachukua kila kitu. Fungua Resource Monitor kabla ya kumlaumu mtu. Polepole nyingine inajiponya yenyewe ikifika Alhamisi.

Seva ikiwa mbali, hesabu inabadilika

Ofisi ile ina tawi Mwanza. Kabla ya kuhama, Mwanza walikuwa na nakala yao ya mafaili kwenye kompyuta moja kona ya ofisi. Katika kuhama, ikaamuliwa kila kitu kikae Dar na Mwanza waingie kwa VPN, yaani handaki la siri ndani ya intaneti. Uamuzi mzuri kwa bekapu, kilio kwa watu wa Mwanza.

Fanya hesabu. Folda ina mafaili 2,000, na tuseme kila faili linadai safari nane za kwenda na kurudi. Ndani ya jengo safari moja ni nusu milisekunde, kwa hiyo jumla ni sekunde 8. Safari ikiwa milisekunde 50, jumla ni sekunde 800, dakika 13 na ushei. Ikiwa 150, dakika 40. Katika hesabu yote hiyo sikutaja hata mara moja intaneti ni ya megabiti ngapi, kwa sababu haihusiki. Barabara ya Kimara hadi Kibaha imepanuliwa kuwa njia nane na foleni imepungua kweli, lakini Chalinze iko pale pale ilipokuwa. Kifurushi kikubwa kinaondoa foleni. Umbali hakiugusi.

Ndiyo maana yule mshauri wa klaudi alinitia wasiwasi pale aliposema "tukodi seva, tupachike drivu ya Z kama kawaida". Vituo vikubwa vya Azure ya Microsoft na AWS ya Amazon vilivyo upande wetu wa Afrika viko Afrika Kusini, Azure Johannesburg tangu 2019 na AWS Cape Town tangu 2020. Kutoka Dar hadi Johannesburg ni takriban kilomita 2,500 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya nyuzi husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kuwa chini ya milisekunde 25, na kebo haipiti mstari ulionyooka, inazunguka baharini. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja, Afrika Mashariki nzima ilijua bahari iko wapi. Sisemi klaudi ni mbaya. Ninasema drivu ya Z iliyopachikwa kutoka ng'ambo ni wazo bovu, liwe limeuzwa kwa jina lolote. Hata SMB juu ya QUIC (SMB iliyofichwa ndani ya njia salama ya intaneti), inayokuondolea VPN na kukupa usalama mzuri, haiwezi kuifupisha safari.

Kabla hujahukumu umbali, lakini, pima kitu kimoja kwenye VPN: ukubwa wa pakiti. Andika `ping -f -l 1472` kuelekea seva. Ikigoma, shusha namba hadi ikubali. Ile 1472 ukiongeza baiti 28 za vichwa unapata 1500, kipimo cha kawaida cha Ethernet. WireGuard, aina moja ya VPN, kwa kawaida hukaa 1420, kwa hiyo ping itakubali 1392. Ruta isiyokubaliana na handaki lake inatoa dalili ya ajabu: folda zinafunguka, majina yanaonekana, ila ukigusa faili lolote kubwa kidogo linaganda. Huo si umbali, ni kipimo kisicholingana, na dawa yake ni mstari mmoja kwenye ruta.

Ukibaki na umbali halisi, chagua: usogeze kazi ikae karibu na mafaili, au usogeze mafaili yakae karibu na watu.

| | Kuingia kwa mbali (Remote Desktop) | Kusawazisha (OneDrive, Google Drive, Nextcloud) | Kisanduku cha mafaili tawini |
|---|---|---|---|
| Programu za uhasibu zenye kanzidata | Ndiyo, hapa ndipo pake | Usithubutu | Ndiyo, kwa watu wa tawi hilo tu |
| Word, PDF, picha | Inafaa, ila ni kama kutumia lori kubeba mkate | Bora kuliko zote | Vizuri |
| Intaneti ikikatika | Kazi inasimama | Kazi inaendelea | Kazi inaendelea |
| Umeme wa tawi ukikatika | Kazi inabaki wazi kwenye seva | Kilichohifadhiwa kipo | Unahitaji UPS |
| Gharama inayosahaulika | Leseni kwa kila mtumiaji | Siku za kupakia mara ya kwanza | Bekapu ya pili ya kuangalia |

Kuingia kwa mbali kunafanya jambo la akili: zile safari 16,000 (mafaili 2,000 mara nane) zinafanyika ndani ya seva, na kinachosafiri kwenda Mwanza ni picha ya skrini na vibonyezo. Hata ping ya milisekunde 100 inavumilika. Na kwa nchi ambako umeme unaweza kukatika katikati ya kufunga mahesabu ya mwezi, lile jibu la umeme kwenye safu ya Remote Desktop lina thamani kuliko watu wanavyodhani. Mtu anarudi baada ya saa moja, anaingia, anakuta kielekezi kiko kwenye seli ile ile. Maumivu yake ni mengine. Windows Server inaruhusu vikao viwili tu vya msimamizi bila leseni za Remote Desktop Services, na wengi hugundua hilo mtu wa tatu anapokataliwa. Kuchapa kwenye printa ya tawini kunahitaji subira. Na poti 3389, mlango wa Remote Desktop, isiachwe wazi kwa intaneti hata siku moja, hata kwa "majaribio tu hadi Ijumaa". Hiyo ni njia ya wazi kabisa ya wateka mafaili. VPN kwanza, Remote Desktop ndani yake.

Kusawazisha ninakupenda kwa nyaraka za kawaida, kwa sababu kunaua tatizo lenyewe: faili liko kwenye diski ya mtu, linafunguka papo hapo, na safari zinafanyika nyuma ya pazia. Lakini usiweke humo kanzidata ya Access, data ya programu ya uhasibu, wala PST za Outlook (maghala ya barua pepe). Programu ya kusawazisha haielewi kwamba watu wawili wanaandika ndani ya faili moja kwa wakati mmoja. Itawatengenezea nakala mbili na kukuachia wewe kesi. Microsoft wanashauri OneDrive isibebeshwe zaidi ya mafaili 300,000, na hata kabla ya kufika hapo utaanza kuona ile alama ya mishale inayozunguka bila kumaliza. Piga hesabu ya kupakia pia. Gigabaiti 500 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 20 ni saa 55 na nusu, na hiyo ni kama hakuna mtu mwingine anayetumia njia. Anza Ijumaa jioni.

Kisanduku cha tawini ni chaguo ambalo wauzaji hawalitaji kwa kuwa halina kamisheni. Kompyuta ya kawaida yenye diski mbili, Debian (aina ya Linux) na Samba, programu inayogawa mafaili kwa Windows, mradi ulioanzishwa na Andrew Tridgell zaidi ya miaka 30 iliyopita na ambao hauhitaji leseni ya kila mtumiaji. Mafaili ya Mwanza yanakaa Mwanza, usiku yanakuja Dar kama bekapu. Kuna mtego mmoja tu wa kasi. Kwa Windows, Ripoti na ripoti ni faili moja, kwa Linux ni mawili. Kabla ya kuunda faili jipya Samba inalazimika kukagua folda nzima kuhakikisha hakuna lenye jina hilo kwa herufi za aina nyingine. Folda ikiwa na makumi ya maelfu ya skani, kila faili jipya ni ukaguzi mzima. Dawa ni kuwasha `case sensitive = yes` kwenye folda hiyo baada ya kuyageuza majina yote kuwa herufi ndogo, au, na hili ni rahisi zaidi, kugawa folda kwa mwaka na mwezi.

Kwa ofisi ile tulichanganya. Dar walibaki na seva yao, majina yamesafishwa, domeni na mafaili vimetenganishwa. Watu watatu wa Mwanza wanaotumia programu ya uhasibu wanaingia kwa Remote Desktop ndani ya VPN. Barua na fomu za wateja zimepelekwa kwenye kusawazisha. Kifurushi cha intaneti hakikuongezwa.

Siku ya mwisho mhasibu mkuu aliniita tena. Mafaili yanafunguka, ila File Explorer yenyewe inachelewa kutokea, kwake tu. Nikatazama orodha ya pembeni, nikakuta folda ya "Wateja 2016" imebanwa pale, bado inaelekea seva iliyozimwa. Nikaibandua. "Kumbe hiyo tu?" Hiyo tu.

Kilichobaki ni mashine ya fotokopi. Inajua kutuma skani kwa SMB 1 pekee, ile iliyopitiwa na WannaCry Mei 2017 na ambayo Windows Server, tangu toleo la 2019, haiji nayo ikiwa imewashwa. Walinibembeleza niiwashe "kidogo tu". Nikakataa. Kwa sasa wanaskani kwenye flashi, na kila jioni kuna mtu anauliza flashi iko kwa nani.